Gari Huzeeka Wapi?

Japani, gari la kibinafsi likinunuliwa jipya hukaa miaka mitatu kabla ya kupelekwa kwa ukaguzi wa serikali. Ukaguzi huo unaitwa shaken, na mizizi yake ni sheria ya magari ya mwaka 1951. Baada ya ule wa kwanza, unarudi kila miaka miwili: mwaka wa tano, wa saba, wa tisa. Kila zamu mwenye gari analipa ushuru wa uzito, bima ya lazima, ada ya ukaguzi, na juu yake bei ya kubadilisha chochote ambacho mkaguzi hakukipenda. Kwa hivyo gari likikaribia mwaka wa saba, wengi huketi na kupiga hesabu. Nilipie tena, au niliachie mnada?

Kenya nayo ina hesabu yake. Kiwango cha KEBS kinachoitwa KS 1515, cha mwaka 2000, kinasema gari lililotumika lisiingie nchini likiwa limepita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Ndiyo maana kila mwisho wa mwaka huwa tunasoma lile tangazo: kuanzia 1 Januari 2025, kwa mfano, ni magari yaliyosajiliwa kuanzia 2018 peke yake yaliyokubaliwa kushuka Mombasa.

Sasa weka hizo namba mbili kando kwa kando. Saba na nane. Huo mwaka mmoja katikati ndio muda wa gari kupita mnadani, kupanda meli, kuvuka bahari na kupata namba mpya. Karibu kila gari unaloliona likipanda mlima kutoka Kisii kuelekea Chemosit limepenya kwenye huo upenyo.

Maana yake ni hii: lile swali ambalo kila familia yenye gari kuukuu hujiuliza, tutengeneze ama tuuze, lilishajibiwa mara moja kabla gari halijafika kwetu. Kuna mtu Nagoya au Osaka aliyeamua limezeeka. Sisi tukaamua bado. Nimekuwa nikifuatilia jinsi jibu letu limebadilika hapa Gusii kwa miaka hamsini hivi, na nimeona kwamba tunalichukulia kama swali la fundi na spana, kumbe nusu yake ni historia.

Enzi ya Peugeot

Anza na wakati ambapo kubadilisha gari halikuwa jambo la kuwaza. Katika miaka ya 1970 serikali ilitaka magari yaunganishwe humu humu nchini. Ndipo vikaja viwanda vitatu ambavyo wazee bado huvitaja: Leyland pale Thika, General Motors Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers Mombasa. Kuagiza gari kutoka nje kulihitaji leseni, na leseni peke yake haikutosha, kwa sababu dola zenyewe zilipimwa na Benki Kuu. Gari jipya lilikuwa la serikali, la kampuni, la daktari, la mkulima mkubwa. Mwalimu wa shule ya Nyamira aliyepata gari alilipata kuukuu, na alijua hatapata lingine.

Gari lenyewe mara nyingi lilikuwa Peugeot. Ile 404 ilishinda Safari Rally mara nne katika miaka ya 1960. Kisha 504, iliyotoka Ufaransa mwaka 1968, ikashinda mwaka 1975 na tena 1978. Mashindano hayo yalikuwa tangazo ambalo hakuna kampuni ingeweza kulinunua, kwa sababu barabara zilizotumika zilikuwa barabara zetu, na matope yake yalikuwa matope yetu. 504 ikaunganishwa Mombasa kwa miaka mingi, hata baada ya Wazungu kuacha kuiuza kwao. Ile ya wagon ilikuwa na safu tatu za viti na springi nne za koili nyuma. Ilibeba abiria kati ya Nairobi na miji ya magharibi mchana na usiku. Na mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliporuhusu matatu zifanye kazi bila leseni ya bodi ya usafiri, gari lolote lenye magurudumu manne na buti pana likawa mtaji.

Katika hali hiyo, injini ikifa hakuna aliyeuliza kama gari "linafaa kutengenezwa". Lilitengenezwa. Injini ilifunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena, hadi fundi akaijua kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake gizani. Utaalamu huu haukutoka chuoni. Vijana waliosukumia Wahindi magari kwenye gereji za mjini ndio waliojifunza kwa macho, wakatoka, wakafungua zao chini ya mti. Shirika la Kazi Duniani lilipoandika ripoti yake kuhusu ajira Kenya mwaka 1972, lilikiri kwamba watu hawa waliokuwa wakifukuzwa na askari wa baraza la mji ndio waliokuwa wakibeba uchumi. Miaka mitano baadaye mtafiti Kenneth King akawaandikia kitabu kizima. Sisi tukawapa jina letu wenyewe: jua kali.

Kuna hadithi moja ya wakati huo inayofaa kukumbukwa hapa. Mwaka 1986 Rais Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Kilitengeneza. Magari matano, Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa Kasarani mwaka 1990, na yakakimbia. Kisha yakaishia hapo. Tunapenda kuicheka hadithi hii, lakini inaeleza jambo muhimu. Kuunda gari moja ni kazi ya mafundi, na mafundi tulikuwa nao. Kuunda magari elfu moja ni kazi ya viwanda vya spea, mikopo na soko, na hivyo hatukuwa navyo. Taifa lililojua kufufua gari lolote halikuweza kuzaa lake.

Mlango unafunguliwa

Halafu miaka ya 1990 ikaja na masharti ya wafadhili. Kufikia 1993 leseni za uagizaji zilikuwa zimeondolewa, biashara ya fedha za kigeni ikafunguliwa, na shilingi ikaachwa ielee. Magari ya mitumba yakaanza kumwagika, mengine moja kwa moja kutoka Japani, mengine kupitia Dubai. Viwanda vya kuunganisha vikabaki na malori na mabasi. Ghafla mwalimu yule yule wa Nyamira aliweza kufikiria gari lenye redio ya kaseti na AC, hata kama ile redio ilishika stesheni chache tu kwa sababu masafa ya Japani si ya kwetu.

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza neno "kubadilisha" lilipata maana. Watu waliuza Peugeot na Datsun wakachukua Corolla. Mafundi wa zamani walilalamika kwamba haya magari mapya ni laini, yamejaa waya. Baadaye walinyamaza, kwa sababu Corolla zilianza kuzeeka nazo na kuja chini ya mti.

Namba za usajili zilitusaidia kujidanganya. Mfumo wa KAA yenye herufi mwishoni ulianza 1989, KBA ikaonekana 2007, KDA 2020. Mtu akiona KDA anasema, hiyo ni mpya. Si mpya. Namba ni tarehe ya kufika kwetu. Umri wake wa kweli umeandikwa kwenye logbuku, kwenye ule mstari wa mwaka wa kutengenezwa ambao hakuna anayeusoma kwa sauti siku ya kuosha gari kwa soda.

Hesabu ya Tatamoke

Huku Sironga, jirani na Kebirigo, baba mdogo tunamwita tatamoke. Wangu ana Toyota 100, Corolla ya 1993 yenye injini ya 5A. Iliingia nchini mwaka 2000. Hesabu mwenyewe: miaka saba. Mwenyewe wa Japani alikuwa amekataa shaken ya tatu.

Mwaka jana gari lilianza kuchemka kwenye ule mlima wa kutoka mtoni. Fundi akafungua rejeta, ndani maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mtu yeyote aliyekaa gereji anajua rangi hiyo ni habari mbaya: mafuta na maji yamekutana, gaskit ya hedi imeenda. Fundi akataja bei yake. Gaskit seti, kupeleka hedi Kisii mjini ikaskimiwe, ringi, sili za valvu, mafuta, na mkono wake: elfu arobaini na nane. Siku iyo hiyo broka mmoja, ambao sijui huwa wananusa vipi, akafika na ofa ya laki moja na nusu kwa gari lilivyo.

"Wewe ndiwe umesoma," Tatamoke akaniambia. "Hebu nipigie hesabu. Nitengeneze ama niachilie?"

Kusoma kwangu kuliishia mwaka wa pili wa chuo, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Inahitaji tu kujua unagawanya kwa nini. Kanuni inayozunguka mitandaoni inasema matengenezo yakifika nusu ya bei ya gari, achana nalo. Kwa kanuni hiyo Tatamoke alikuwa karibu na theluthi, kwa hivyo bado alikuwa salama, lakini matengenezo mengine mawili ya aina hiyo na gari lingekuwa limehukumiwa.

Shida ya kanuni hii ni mahali ilikozaliwa. Imezaliwa mahali ambapo gari lingine lenye hali nzuri kidogo linapatikana kwa bei inayokaribia ya lile unalouza. Hapa kwetu kuna shimo katikati. Laki moja na nusu ya broka haikufikishi mbali. Na gari ambalo kila mtu wa huku angelichukua badala yake, Probox, likitoka Japani siku hizi linapita milioni moja. Bei ambayo broka anakupa inaonyesha njaa ya broka, basi. Haikuambii gari lako linakufanyia nini.

Kwa hivyo tulikaa na kalamu, tukaacha swali la bei ya gari kabisa. Tuliandika safari za mwezi mmoja. Ndizi kwenda sokoni mara mbili kwa wiki. Kanisa. Matanga matatu, kwa sababu Gusii hamkosi matanga. Mtoto wa jirani kupelekwa hospitali Nyamira saa nane usiku. Mama mjamzito, vilevile usiku, vilevile bila kulipa. Halafu tukagawanya elfu arobaini na nane kwa miezi ishirini na nne, kwa sababu fundi alisema akifanya kazi yake vizuri injini itampa miaka miwili bila kelele. Elfu mbili kwa mwezi. Milioni moja ya Probox, hata ungekopeshwa na malaika asiyetoza riba, ukilipa kwa miaka minne ni zaidi ya elfu ishirini kila mwezi.

"Sasa hiyo ndiyo hesabu," Tatamoke akasema.

Lakini fundi alikuwa na neno lake pia, na nadhani ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote. Alilala chini ya gari kabla ya kugusa injini. Akagonga chesi kwa nyundo ndogo akisikiliza kutu. Akashika tairi ya mbele kwa mikono miwili akalitikisa. Akatoa pedi za breki akatuonyesha zilivyobaki. Kisha akasema hatafungua hedi mpaka breki na bol joint zinunuliwe kwanza. Injini ikifa, gari litasimama. Breki ikifa, halitasimama.

Ikaongezeka elfu kumi na moja. Tatamoke akanung'unika, akalipa. Gari likatengenezwa.

Probox na mlima

Kwa nini basi jibu limerudi kuwa "tengeneza", kama enzi ya Peugeot, wakati mlango bado uko wazi na meli bado zinakuja? Kwa sababu mlango uko wazi lakini kiingilio kimepanda. Gari la mtumba linanunuliwa kwa dola au yeni. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa shilingi themanini na kitu. Januari 2024 iligusa 160, kabla ya kushuka hadi karibu 130. Juu ya bei hiyo kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji na ile ya reli. Na hizi hazihesabiwi kila moja kivyake: ushuru wa bidhaa unatozwa juu ya ushuru wa forodha, VAT juu ya yote mawili.

Probox yenyewe ni somo. Toyota iliitoa Japani Julai 2002 kama gari la kazi la makampuni, la kubeba sampuli za bidhaa na karatasi. Haina urembo wowote. Viti vya nyuma vimekusudiwa mtu akae muda mfupi. Mjapani aliyeichora hakuwahi kuiona barabara ya Kisii asubuhi ya siku ya soko, na hakuwahi kuwaza kwamba dereva anaweza kugawana kiti chake na abiria, huku wanne wakikaa kwenye buti wakitazama walikotoka. Nimewahi kuhesabu watu kumi ndani ya moja, bila kuhesabu kuku.

Tunaicheka, na utani wake ni mtamu. Ila hapa ndipo mapenzi yetu ya kutengeneza yanapoanza kuua watu. Gari la kazi lililobebeshwa mara mbili, breki zimefungwa upya kwa pedi za bei ya chini, likishuka mlima wenye ukungu wa asubuhi, si ushujaa wa jua kali. Tuliona mwaka 2004, sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa, kwamba mikanda na vidhibiti mwendo vinaweza kuwekwa kwenye matatu zilizokuwa zimesemekana haziwezekani. Kisha tukazembea. Fundi anayelala chini ya gari kabla ya kufungua injini ni fundi wa aina moja. Kuna wa aina nyingine anayefunga waya na kusema itakusukuma mpaka Krismasi, na hakuna ofisi inayoweza kukuambia nani ni nani. Unajua kwa kuulizia, ama unajua kwa ajali.

Kama kungekuwa na nchi nyuma yetu

Mwaka 2025 NTSA ilipeleka kwa wananchi rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari. Ndani yake kuna pendekezo kwamba hata magari ya kibinafsi, yakipita miaka minne tangu kutengenezwa, yawe yakikaguliwa. Kwa maneno mengine, shaken ya Kenya. Kwa kuwa magari ya mitumba yanayokuja mengi yana miaka saba, karibu kila gari la mtu wa kawaida litakuwa limefikisha umri huo kabla hata ya kupewa namba.

Sipingi ukaguzi. Nimekaa kwenye buti ya Probox, siwezi kupinga ukaguzi. Lakini historia inaniambia niulize mambo mawili kabla ya kupiga makofi. La kwanza: nani atakuwa mkaguzi, na yule fundi wa chini ya mti atakuwa wapi? Ana miaka thelathini ya kusikiliza kutu kwa nyundo. Hana cheti, hana mashine ya kupima breki, hana risiti. Akipewa mafunzo mafupi na kifaa, ndiye ukaguzi wenyewe, tena uko Sironga tayari. Akiachwa nje, mwenye gari atatafuta stika, na stika katika nchi hii hupatikana.

La pili ni zito zaidi. Shaken ilipoyafukuza magari Japani, hayakufa. Yalipata Mombasa. Japani iliweza kuwa na barabara zenye magari mapya kwa sababu kulikuwa na sisi. Sisi tuna nani? Uganda tangu 2018 inakataa gari lililopita miaka 15. Tanzania inatoza zaidi kadiri gari linavyochakaa. Corolla ya 1993 ikikataliwa kutembea Nyamira, haitapanda meli nyingine. Itasukumwa hadi uwanja wa fundi, ivuliwe milango, taa, giaboksi, kila kitu, na wiki moja baadaye ile giaboksi itakuwa ndani ya gari lingine la umri ule ule, likipanda kuelekea Kebirigo.

Kwa hivyo, ukikaa na mzazi wako au tatamoke wako kuamua kuhusu gari la nyumbani, mkiwa na simu mikononi mkitafuta bei, acheni bei iwe swali la mwisho. Anzeni na breki na chesi: kama hizo zimeisha, hakuna hesabu, gari limekwisha. Kama ni nzima, ulizeni spea zinapatikana wapi na nani anajua kuzifunga. Kisha andikeni safari za mwezi mmoja, pamoja na zile za usiku ambazo hakuna anayelipa. Mkimaliza, mtajua gari limezeeka ama bado, na safari hii mtakuwa mmeamua nyinyi.